Nyundo, Koleti au Tanuri: Mjadala wa Risasi Elfu Tatu

Mjadala huu una sauti tatu, na zote nimezipanga mimi. Ya kwanza ni ya Kijana, Mkenya anayeishi Texas, mpiga shabaha wa wikendi, aliyenunua kwa bei ya kutupa risasi 3,000 za zamani za jeshi. Ya pili ni ya Fundi, mzee wa Kitanzania aliyezeeka Marekani akichonga vyuma na kutengeneza bunduki za wawindaji. Ya tatu ni ya Sajini, mama aliyestaafu jeshi la Marekani, ambako kazi yake ilikuwa kupokea, kukagua na kuhifadhi risasi na mabomu. Watu hawa nimewatunga. Hoja zao sikuzitunga. Aliyewahi kukaa na watu wanaojijazia risasi zao wenyewe atazitambua mara moja.

Ugomvi ni huu. Risasi za Kijana ni za kaliba ya 7.62 kwa 51, ile ya NATO. Zilikaa mahali pabaya zikaingiwa na unyevu. Maganda kadhaa yamepasuka shingo, baadhi ya risasi zinafyatuka kwa kuchelewa na nyingine hazifyatuki kabisa. Anataka kuzifumua: kung'oa kichwa cha risasi, kumwaga baruti, kubaki na vichwa na maganda. Kwa sheria ya Marekani mtu anaweza kufanya hivyo nyumbani kwa matumizi yake bila leseni. Leseni hudaiwa pale anapotengeneza ili auze. Kwetu mambo ni tofauti. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, na zote mbili zinamtaka mtu awe na kibali hata cha kumiliki hiyo risasi yenyewe. Kwa hiyo msomaji wa Nakuru au Kasulu aliyeokota risasi shambani asijifunze hapa namna ya kuifungua. Aiache ilipo, aite polisi.

KIJANA: Shikamoo, Mzee. Shikamoo, Mama.

FUNDI: Marahaba, mwanangu. Umeleta masanduku?

KIJANA: Yako kwenye gari. Nimeshanunua na kifaa cha kung'olea, nataka tu mnihakikishie kwamba sijakosea. Nimenunua nyundo.

Nyundo anayoisema si ile ya seremala. Kichwa chake ni cha plastiki ngumu, kina uwazi ndani. Risasi huingizwa mdomoni, tako lake likabanwa na vipande vitatu vya chuma na kofia ya kuzungusha, ncha ikaelekea ndani. Unagonga nyundo juu ya gogo au sakafu ya zege. Nyundo inasimama ghafla pamoja na ganda lililobanwa, lakini kichwa cha risasi kinaendelea na safari, kama abiria wa matatu dereva anapofunga breki. Kikitoka, huangukia ndani ya ule uwazi pamoja na baruti yote.

FUNDI: Hukukosea kununua. Kila karakana inatakiwa iwe na moja. Umekosea kudhani ndiyo itakayokumalizia elfu tatu.

KIJANA: Kwa nini? Chini ya dola 50, haihitaji presi ile ya kujazia risasi, haichagui kaliba. Leo risasi ya paa, kesho ya bastola. Na kichwa kinatoka hakina hata mkwaruzo.

FUNDI: Yote kweli. Sasa hesabu. Risasi ya jeshi haikushikwa kama ya dukani. Shingo ya ganda imebanwa kwenye mfereji wa kichwa, na juu yake kuna lami nyeusi iliyopakwa kuzuia maji. Usitegemee kuing'oa kwa pigo moja. Tuseme mapigo manne, na hapo nakuonea huruma. Elfu tatu mara nne ni mapigo elfu kumi na mbili. Baada ya kila risasi unafungua kofia, unamwaga, unachambua kichwa kutoka kwenye baruti, unapanga vipande vya chuma, unafunga tena. Kiwiko chako ni cha nani?

KIJANA: Nitagawa kazi. Mia leo, mia kesho.

FUNDI: Mikono itapona, lakini akili itachoka kabla ya mkono. Ukifika risasi ya sabini, ule mchezo umeshakuchosha. Unagonga huku unawaza mechi ya Arsenal. Na ndipo utakaposahau kukaza kofia, au utakapoingiza risasi ya .22 uliyoikuta imejichanganya humo.

SAJINI: Hapo nisaidie kusisitiza, Mzee. Risasi ya .22 ndogo haina fataki, kile kiwashio cha baruti, katikati ya tako. Kilipuzi chake kimesambazwa ndani ya ukingo wa tako, na ukingo huohuo ndio unaobanwa na nyundo. Hiyo haiingii humo kabisa. Hakuna "polepole" wala "kwa uangalifu".

Nakubaliana na Fundi kuhusu akili kuchoka, na naona ndiyo hoja nzito kuliko zote walizotoa siku hiyo. Wengi wanaoshindania vifaa hivi hushindania sekunde: hiki kinang'oa ngapi kwa dakika, kile ngapi. Lakini elfu tatu haziishi kwa dakika. Ni wiki za kurudia kitendo kilekile mbele ya kitu kinachowaka, na kifaa kinachofaa ni kile kinachokuruhusu kuona kila risasi na kusimama unapotaka. Nyundo inaficha. Kichwa kikikataa, hujui kimekwama kwa sababu ya lami, kutu au risasi yenyewe si ya aina uliyodhani. Unachojua ni kwamba ugonge kwa nguvu zaidi.

KIJANA: Mbona watu wanasema za .223 zinasumbua kuliko hizi kubwa? Si ni ndogo?

FUNDI: Kwa sababu hiyohiyo ya udogo. Nyundo haivuti; inategemea uzito wa kichwa chenyewe kijing'oe. Kichwa cha .223 cha kawaida kina greni 55. Chako kina greni 147. Kilicho chepesi hakina msukumo wa kutosha kujitoa, kwa hiyo unaongeza nguvu ya pigo, na ukiongeza nguvu plastiki inapasuka. Nimeona vichwa vya nyundo hizi vimepasuka katikati ya kazi, baruti ikamwagika mpaka kwenye soksi.

KIJANA: Basi niambie unachotaka ninunue.

FUNDI: Presi unayo?

KIJANA: Ninayo, ya kujazia.

FUNDI: Basi umeshamaliza nusu ya gharama. Nunua koleti.

Fundi alisimama akaenda kwenye meza yake, akafungua skurubu juu ya presi na kukiingiza kifaa kama silinda fupi ya chuma chenye mkono wa kukazia juu. Ndani yake kuna koleti, kipande cha chuma cha mviringo kilichochanwa pande kadhaa, kama koleti za mashine ya kuchongea vyuma. Ukikaza, kinabana kutoka pande zote kwa pamoja. Kila kipenyo kina koleti yake. Risasi inasimama kwenye kishikio chake juu ya nguzo ya presi. Unaipandisha mpaka kichwa kiingie kwenye koleti, unakaza, unashusha mkono wa presi. Ganda linashuka, kichwa kinabaki juu kimeshikwa. Unalegeza, kinaanguka mkononi. Baruti imebaki ndani ya ganda, wima, haijamwagika hata punje.

Kabla ya kung'oa alifanya jambo ambalo Kijana hakulitarajia. Alikisukuma kichwa ndani zaidi kidogo, kwa kipimo kisichofika milimita moja.

KIJANA: Mzee, tunataka kitoke, wewe unakiingiza!

FUNDI: Sikiliza.

Ulisikika mlio mdogo mkavu. Lami ilikuwa imepasuka.

FUNDI: Umesikia? Sasa mshiko umevunjika. Lami ya miaka arobaini hushika kama gundi, na ukivuta moja kwa moja koleti inaweza kuteleza na kukwaruza kichwa. Ukikisukuma kwanza kidogo, lami inaachia. Kwa risasi zako zote fanya duru mbili: kwanza zote zipite kwenye kifaa cha presi cha kusukumia, kisha uje kuzing'oa. Utaona mkono wa presi unashuka bila kupigana nao.

KIJANA: Na hiyo ya kukaza na kulegeza, kila mara kuzungusha mkono? Si ni yaleyale ya kofia ya nyundo?

FUNDI: Zipo za aina mbili. RCBS wanatengeneza ya kuzungusha kwa mkono wa umbo la T. Imara, lakini unazungusha kweli. Hornady wana yao wanayoiita Cam-Lock, yenye wenzo wa kusukuma chini na kuinua. Kwa risasi hamsini, yoyote kati ya hizo. Kwa elfu tatu, nunua yenye wenzo. Hapo tofauti ya bei usiitazame.

KIJANA: Kuna jamaa yangu anatumia plaisi tu. Anapandisha risasi kwenye presi isiyo na kitu juu, anabana kichwa kwa plaisi, anashusha. Anasema haraka kuliko zote.

FUNDI: Haraka ni kweli, na vichwa vyake vinatoka vina meno. Kama anavipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, afanye. Kipo kifaa cha namna hiyo kilichotengenezwa vizuri, chenye mifereji ya kila kaliba, nacho hakiharibu sana. Mimi bado nachagua koleti, kwa sababu inabana sawasawa kila mara hata nikiwa nimechoka.

Udhaifu wa koleti Fundi aliueleza mwenyewe bila kuulizwa, na nilimheshimu kwa hilo. Koleti inahitaji sehemu iliyonyooka ya kichwa iwe nje ya ganda ili ipate pa kushika. Kichwa kilichoanza kuchongoka palepale kinapotokea kwenye shingo hakina pa kushikwa. Kichwa cha madini ya risasi matupu, kisichovikwa shaba, huteleza na kuharibika. Risasi nyingi za bastola huishia hapo. Hizo ndizo kazi za nyundo, pamoja na zile chache zitakazokataa presi.

Mpaka hapo Sajini alikuwa amenyamaza, ameshika moja ya masanduku anasoma maandishi ya pembeni.

SAJINI: Kaka, risasi hizi zilipokuwa zimefungwa humu zilikuwa hatari kiasi gani?

KIJANA: Sana, Mama. Ni risasi elfu tatu.

SAJINI: Hapana. Zikiwa kwenye vifungashio vyake, risasi za bunduki ni katika vitu vya jeshi visivyo na makuu. Kwenye mfumo wa kimataifa wa usafirishaji huwekwa kundi la 1.4S, maana yake moja ikiwaka balaa lake halitoki nje ya mzigo kwa kiasi cha kutisha. Nyumba ikiungua, zinapasuka pasu-pasu, maganda yanaruka hatua chache. Wazima moto wanalijua hilo. Sasa nyinyi mnataka kuzifungua. Mnazungumzia mkono na kiwiko na plaisi. Mimi nauliza: baruti inakwenda wapi?

KIJANA: Kwenye ndoo.

SAJINI: Piga hesabu ya ndoo.

Tulipiga. Risasi ya aina yake ina takriban greni 46 za baruti. Mara 3,000 ni greni 138,000. Ratili moja ni greni 7,000. Jibu ni ratili 19.7, karibu kilo tisa.

SAJINI: Karibu ratili ishirini. Kanuni za Marekani za kuzuia moto, zile za NFPA namba 495, zinamruhusu mtu kuweka nyumbani ratili ishirini za baruti isiyo na moshi, na hizo ziwe kwenye vyombo vyake vya asili. Zaidi ya hapo, mpaka hamsini, ziwekwe kwenye kasha la mbao zenye unene wa inchi moja. Sasa wewe utakuwa na ishirini kwenye ndoo. Ndoo si chombo cha asili cha baruti. Ganda la risasi ndilo lilikuwa chombo chake, na wewe umeshalitupa kwenye pipa.

FUNDI: Asimwage yote. Afanye kidogo kidogo, amalize na baruti ya siku hiyo kabla ya kulala.

SAJINI: Hapo tunakubaliana, Mzee. Lakini angalia umefika wapi. Umeanza na kifaa kinachong'oa haraka, na sasa unasema baruti ndiyo inayopanga kasi. Kama baruti ya siku moja isizidi ile anayoweza kuimaliza siku hiyohiyo, basi hata kifaa cha haraka kuliko vyote duniani hakimsaidii. Atang'oa mia mbili, atasimama.

Hapa Fundi hakujibu, na sidhani alikuwa na jibu. Nadhani hoja hii ndiyo inayomaliza ubishi wa kasi. Mia mbili kwa siku koleti inaziweza bila haraka yoyote. Mashine ya kasi zaidi haina kazi hapo.

KIJANA: Lakini Mama, si ni baruti tu? Haiko kama baruti ya fataki za sikukuu. Nimeona watu wanaiwasha kwenye sahani, inawaka taratibu.

SAJINI: Kiganja kimoja kwenye sahani, nje, inawaka. Kilo tisa ndani ya chombo kilichofungwa, joto linapanda, mgandamizo unapanda, na kadiri unavyopanda ndivyo inavyowaka haraka. Ndiyo kazi iliyotengenezewa. Halafu hii yako imekaa na unyevu. Ndani ya baruti hii kuna kemikali ya kuituliza, difenilamini mara nyingi, inayomeza tindikali inayozalishwa baruti inapozeeka. Ikiisha, baruti inaanza kujila yenyewe na kutoa joto. Fungua ganda moja tunuse.

Fundi alimwaga ganda moja kwenye karatasi nyeupe. Punje zilikuwa za kijivu, nyingi safi, lakini nyuma yake palibaki vumbi la rangi ya kutu, na shaba ya ndani ya ganda ilikuwa imeota kijani. Harufu ilikuwa ya siki, ya kuchoma pua. Baruti nzima huwa na harufu tamu ya etha.

SAJINI: Unaona. Hii hairudi kwenye ganda lolote. Wala haiwekwi kwenye lundo. Inatawanywa nyembamba juu ya udongo, nje, mbali na nyumba, kidogo kidogo. Ina naitrojeni, majani yatakushukuru.

KIJANA: Nilikuwa nimepanga kuitumia tena. Ndiyo nusu ya faida.

FUNDI: Hata ingekuwa nzima ningekukataza kuichanganya. Jeshi hutumia baruti ya toleo hili leo na toleo lile kesho, na hurekebisha kipimo kwa kila toleo ili mgandamizo uwe uleule. Ukimwaga masanduku matatu ndani ya ndoo moja una kitu ambacho hakuna kitabu cha kujazia risasi kinachokijua. Wapo wanaong'oa kichwa cha jeshi na kuweka cha kulengea shabaha chenye uzito wa karibu sana juu ya baruti ileile, ndani ya ganda lilelile. Hiyo ni kazi ya koleti, nyundo haiwezi kwa sababu inamwaga. Lakini hufanywa kwa risasi nzima. Hizi ni wagonjwa.

Sajini aliomba niseme kuhusu Gërdec, na nilisema kwa sababu nami nilikuwa naiwaza. Gërdec ni kijiji karibu na Tirana, Albania. Baada ya miaka ya utawala wa Enver Hoxha nchi ile ndogo ilibaki na milima ya silaha na risasi, na mwaka 2008 kulikuwa na eneo la kufumulia makombora ya zamani, baruti ikitolewa na shaba ikiuzwa. Wengi wa waliofanya kazi pale walikuwa wanakijiji bila mafunzo yoyote ya silaha. Tarehe 15 Machi 2008 eneo lote lililipuka. Watu 26 walikufa, mamia walijeruhiwa, nyumba za kijiji zilifagiwa, na Waziri wa Ulinzi akajiuzulu. Yalikuwa makombora makubwa kuliko risasi za Kijana, najua. Lakini kazi ilikuwa ileile: kutenganisha chuma na baruti kwa mkono, kwa wingi, kwa kasi inayopangwa na bei ya shaba, huku baruti iliyotolewa ikiwa imelundikana karibu na watu wanaoitoa. Sisi wa Dar es Salaam tunaijua milipuko ya maghala, Mbagala Aprili 2009 na Gongo la Mboto Februari 2011, na tukiikumbuka tunazungumzia ghala. Gërdec inahusu meza ya kazi.

SAJINI: Jeshi halikai na koleti, kaka. Marekani kuna tanuri linaloitwa APE 1236, pipa refu la chuma linalozunguka likiwa na moto ndani. Risasi nzima zinaingia upande mmoja, zinapasukia ndani ya kuta nene, upande wa pili inatoka shaba na madini ya risasi yaliyoyeyuka. Hakuna mtu anayegusa baruti. Hakuna ndoo.

FUNDI: Dada yangu, na thamani yote imeungua. Vichwa vyake 3,000 kwa greni 147 ni ratili 63 za vichwa vizuri vilivyovikwa shaba. Kijana atapiga shabaha mwaka mzima. Tanuri linampa chuma chakavu.

SAJINI: Ndiyo. Na mimi nasema kama usingekuwepo wewe, pamoja na meza hii na presi hii, ningemwambia azipeleke zote zikaungue. Kuna vituo vya polisi na viwanja vya shabaha vinavyopokea. Kufumua si haki ya kila aliyenunua sanduku.

Katika hili mimi nipo upande wa Sajini kwa sehemu kubwa. Sababu ya pekee ya kufumua risasi badala ya kuiteketeza ni kwamba kuna kitu ndani yake unachokitaka na unachoweza kukitoa kizima. Kijana anavitaka vichwa, na vichwa ni vizima. Baruti si nzima. Maganda yaliyopasuka shingo si mazima. Kwa hiyo anachofanyia kazi ni theluthi moja ya ile aliyodhani amenunua, na kifaa kichaguliwe kwa hiyo theluthi: koleti, inayotoa kichwa bila kukiharibu na kuiacha baruti mbaya imetulia ndani ya ganda mpaka wakati wake. Angekuwa na sanduku la vichwa vilivyooza navyo, ningesema tanuri bila kufikiri mara mbili.

Lakini kabla hata ya koleti kulikuwa na jambo, na nashangaa jinsi linavyosahaulika. Sajini alimwaga sanduku la pili juu ya turubai na kuanza kutenga kwa rangi ya ncha. Ncha zisizo na rangi, za kawaida, aliziweka kulia. Akapata chache zenye ncha ya rangi ya chungwa.

KIJANA: Hizi ni nzuri zaidi?

SAJINI: Hizi ni za kuonyesha njia. Nyuma ya kichwa, ndani, kuna kemikali ya moto inayowashwa na baruti ili askari aone risasi inakwenda wapi. Nyuma hiyo iko wazi kuelekea kwenye baruti. Hizi hazigongwi kwa nyundo. Hazibanwi kwa koleti. Hazifumuliwi nyumbani. Ncha nyeusi kwa Wamarekani ni za kupenya chuma, ya buluu ni ya kuchoma, ya fedha ni ya kupenya na kuchoma. Na usije ukachukulia rangi hizi kwa risasi za Kirusi; kule ya kijani ndiyo ya kuonyesha njia. Kama huna kitabu cha rangi za nchi iliyotengeneza, hujaanza kazi.

FUNDI: Na fataki? Mwanangu, ulifikiria utafanyaje na maganda? Baada ya kung'oa kichwa na kumwaga baruti, tako lake bado lina fataki hai.

KIJANA: Nimesikia ukiweka mafuta zinakufa.

FUNDI: Baadhi zinakufa, nyingine hazifi. Mafuta hayaaminiki. Zitazame zote kama ziko hai. Maganda mazima yatoe fataki taratibu kwenye presi, miwani usoni, bila kuupiga mkono wa presi kwa kishindo. Yaliyopasuka shingo hayana kazi, yapeleke kwa wanaopokea risasi mbovu na uwaambie yana fataki. Mnunuzi wa chuma chakavu akiyatupa kwenye moto bila kujua, hiyo ni juu yako.

Chini ya masanduku kulikuwa na kopo dogo ambalo Kijana alipewa bure na muuzaji: risasi za .303 za Kiingereza, zile za bunduki ya Lee-Enfield. Wazee wetu waliopigana Burma katika jeshi la King's African Rifles waliibeba bunduki hiyo. Fundi alizishika kwa muda mrefu, na ubishi ukaanza upya.

FUNDI: Hizi naweza kukufundisha nazo. Ndani hamna punje. Mna kodaiti, nyuzi ndefu kama tambi, zimesimama pamoja, na juu yake karatasi ngumu ya kuzifunika. Kiwanda kiliziingiza kabla shingo haijabanwa, ndiyo maana hata kichwa kikitoka nyuzi hazimwagiki. Nyundo itagonga bure. Kwa koleti unatoa kichwa, kisha unazivuta nyuzi moja moja kwa koleo ndogo.

SAJINI: Mzee, na kichwa kinakuuma mpaka jioni. Kodaiti ina naitrogliserini, ngozi inaimeza. Waliofanya kazi viwandani Uingereza walijua hayo maumivu. Zaidi ya hayo, tazama alama ya tako: ni za zamani, na wakusanyaji wanazitafuta zikiwa nzima. Ukizifumua unapoteza pande zote mbili.

FUNDI: Wakusanyaji watazitia kabatini. Mimi nataka mtu mmoja mdogo ajue ndani yake mlikuwa na nini.

SAJINI: Mfumulie moja.

FUNDI: Tatu.

SAJINI: Moja, Mzee, tena uvae glavu.

Kijana aliuliza kama koleti ya 7.62 itashika hizo za .303. Fundi alimwambia kichwa cha .303 ni kinene zaidi kwa unywele, koleti nyingine itashika na nyingine haitashika, na kwamba hilo halimhusu kwa sasa. Kwa sasa aende nyumbani na masanduku yake yaliyofungwa, aagize koleti ya wenzo, anunue kitabu cha rangi za ncha, na Jumamosi arudi na risasi mia mbili tu, zilizokwisha kutengwa, zikiwa ndani ya maganda yake.